Ukanda wa Sanduku la Mama

Sufala, Ibra,
Sharqiya, Oman.
21 Oktoba, 1984

Dada yangu mpenzi Turkiya,

Shikamoo. Nakuamkia kutoka huku mbali, na nataraji barua hii itakukuta u mzima, wewe na Shemeji Muslim na mwanetu Ghaniya. Goti lako vipi? Bado linakusumbua kwenye ngazi? Na Shangazi Shukriya, macho yake yameikubali miwani, au ameifungia kabatini akisema inamzeesha? Mwambie nimesema uzee umeshafika kitambo, haukungoja miwani.

Sisi viwiliwili vizima, alhamdulillahi. Joto limeanza kuvunjika na usiku sasa tunavuta shuka. Tende zimeshavunwa, na mume wangu Hashil amekuwekea fungu lako pembeni, zile nyekundu unazozipenda. Zaidi ya hayo sina jema la kukuandikia. Nyumba imekuwa nzito, dada. Hata watoto wanakula kimya.

Barua yako nimeipata. Nilikuwa nikimsomea Baba, sauti juu kwa sababu ya masikio yake, mpaka nikafika pale ulipouliza: ndugu yetu Marzouq kaanguka vipi, na yeye juu ya farasi alikuwa kama aliyezaliwa huko? Hapo nikaikunja karatasi nikamwambia salamu zimekwisha. Ile simu ya maandishi niliyokupelekea mwezi uliopita ilikuwa na nafasi ya maneno machache tu, na maneno yale hata mimi sikuyaamini nilipokuwa nikiyaandika. Leo nakujibu sawasawa. Lakini barua hii ni yako wewe. Shemeji Muslim akiisoma haidhuru. Shangazi Shukriya usimsomee. Nampenda, lakini hana kifua, na neno likimtoka yeye litafika Ibra kabla yako.

Nianze na seruji, lile tandiko la farasi la Babu, maana bila ya seruji hutafahamu kitu.

Unaikumbuka ilivyokuwa ikitundikwa kwetu Malindi, huko Unguja, ukutani juu ya kochi la wageni, na sisi tukikatazwa hata kuisogelea. Bibi alikuwa akiipangusa kila Ijumaa na kutuhadithia yale yale: kwamba Babu Sleyum alikwenda nayo vitani alipokuwa kijana, kutoka Ibra mpaka Nizwa, mwaka wa nzige, na kwamba ule mshipi mwekundu wa kuifungia tumboni mwa farasi, wenye misumari ya shaba, ndio uliomshika juu ya farasi mpaka akarudi salama. Babu mwenyewe hatukumdiriki. Hata Baba aliachwa mdogo, hajui kuuliza. Kwa hiyo khabari zote za vita tulizipata kwa Bibi, na Bibi, Mungu amrehemu, alizaliwa Unguja na hakupata kumgusa farasi maisha yake. Hilo sikulitia akilini mpaka mwezi huu.

Tulipohamia huku mwaka wa sabini na moja, watu walibeba dhahabu na picha za harusi. Baba alibeba seruji, kaifunga kwenye mkeka kama maiti. Mtu wa forodha alimwuliza farasi yuko wapi. Baba akamjibu, "Farasi yuko kwetu, Ibra." Wakati huo hatukuwa na hata mbuzi.

Nikwambie kweli, Ibra haikutupokea vibaya. Walitupa nyumba ya ukoo, walitupa mitende, walituoza. Lakini jamaa zetu hapa, wakikaa kwenye sabla, baraza lao la wanaume, na kahawa, mpaka leo wanamwita Baba "Humoud wa Zinjibar." Kiarabu cha Baba ni cha msikitini. Akenda kununua mbuzi Sinaw, muuzaji hudhani anasomewa khutba. Wakimcheka na yeye hucheka nao, kisha hurudi nyumbani, huingia chumbani kwake, hukaa akaitazama seruji. Nimemwona mara nyingi, na kila mara moyo ulinikatika.

Marzouq ndiye aliyetufungulia njia. Alifundishwa farasi na Nadhir, mtoto wa Ami Khalaf, na haikupita muda akawa sawa naye. Kila Idi, siku ya tatu, wapanda farasi hukusanyika uwanjani. Wawili wawili huwaachia farasi mbio ubavu kwa ubavu, wenyewe wameshikana mikono, na watu huwaimbia. Marzouq na Nadhir walikuwa jozi. Walipokuwa wakishuka, watu walimwita Marzouq kwa jina lake tu, bila ya Zinjibar. Baba alikuwa akilisikia hilo hata kwa masikio yake yale.

Sasa huku kuna ada: kabla ya mbio, mkubwa wa nyumba ndiye humkazia mpandaji mshipi, akautia mkono chini kuupima, ndipo akampa ruhusa. Kwetu sisi miaka yote alikuwa akikaza Ami Khalaf, kwa kuwa ni binamu yake Baba na anajua farasi. Baba alikuwa akisimama nyuma na mikono mgongoni kama mgeni. Mwaka huu Ami Khalaf alipatwa na homa, akabaki kitandani. Baba akasema safari hii atakaza yeye, na Marzouq atapanda na seruji ya Babu.

Nilikuwepo, nawapelekea kahawa. Marzouq alisema, "Baba, vitu vya zamani tuviwache vipumzike. Mimi nnayo seruji yangu."

Baba akamjibu, "Yako umeinunua dukani. Hii imekwenda vitani ikarudi. Leo itashindwa na uwanja wa Idi?"

Marzouq akacheka, akasema, "Haya, yakhe mzee, umenishinda." Unamjua ndugu yetu, hakuwa na moyo wa kumvunja mtu, sembuse Baba. Alipotoka alinikonyeza nikamcheka. Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya mwisho ya kukaa, maana baada ya hapo ikawa Idi na pirikapirika zake.

Baba aliutoa ule mshipi mwekundu kabatini, alikokuwa ameukunja ndani ya kanga ya Bibi ili usipigwe na jua. Akaupaka mafuta ya nazi, akausugua, akaupaka tena, mpaka ngozi ikang'ara kama viatu vya skuli. Mimi nilifurahi kumwona. Alikuwa akiimba, dada. Sikumsikia akiimba tangu Mama alipofariki.

Siku ya mbio Marzouq na Nadhir walitoka vizuri. Nilikuwa na wanawake upande wa juu wa uwanja, na Kaltham, mkewe Marzouq, ubavuni pangu amembeba mtoto wao, akimwonesha, "Yule baba, yule baba." Wakashikana mikono, farasi wakafunguka. Niliona seruji ikizunguka kwenda tumboni mwa farasi, na Marzouq akizunguka nayo. Nadhir hakumwachia mkono, alivutwa mpaka bega lake likateguka, na mpaka leo amelifunga kwa kitambaa shingoni. Lakini kichwa cha ndugu yetu kilikuwa kimeshafika kwenye jiwe. Hashil na wenzake walimpakia garini kumkimbiza hospitali. Roho ilimtoka njiani, kichwa kikiwa mapajani mwa Hashil. Hakusema neno. Watu wanapenda kuambiwa kuwa maiti alisema neno, na mimi nakwambia hakusema.

Mshipi ulichanika kwenye safu ya misumari, msumari kwa msumari, kama pale posta wanavyochana stempu. Nje ulikuwa bado unang'ara. Ndani, kila palipokuwa na shaba, ngozi ilikuwa imegeuka kijani na kuwa unga.

Sasa nikueleze hali ya Baba, na hapa nisome vizuri. Tangu siku ya mazishi vile vipande viwili vya mshipi havimtoki mkononi. Kila anayekuja kumpa mkono wa rambirambi humwonesha. Husema, "Huu ulikwenda vitani. Ulivishinda jua na mchanga na risasi, ukaja kukatika siku ya Idi. Hiyo ni amri ya Mungu, si mkono wangu." Watu humjibu ni amri ya Mungu. Basi hushusha pumzi, na chakula kikija hula tonge mbili tatu. Siku ambayo haji mtu wa kuambiwa, hali. Nimemchunguza, dada. Anaishi kwa maneno hayo. Kwake yeye, ikiwa kitu kilichovuka vita kimekatika, basi hapana mtu angeliweza kujua, na yeye hakumwua mwanawe.

Nami nilikuwa nikiyaamini hayo hayo. Yalikuwa yakinipa usingizi.

Kisha akaja Ami Khalaf. Homa ilipomwacha tu alipanda gari ya watu akaja, ingawa alikuwa bado anatetemeka. Baba alikuwa amelala chumbani kwa dawa, na Kaltham yuko ndani kwenye edda yake. Nikakaa naye mimi ukumbini, nikamtilia kahawa. Alilia kidogo kama wanavyolia wazee, bila ya sauti. Halafu akataka kunipoza moyo, akaanza kunihadithia habari za Babu Sleyum, maana yeye aliiwahi ile safari ya vita. Alikuwa kijana juu ya ngamia, na Babu, ami yake, alikuwa juu ya farasi jike akiitwa Dhabiya. Alizungumza Kiarabu chake cha mbiombio. Nakuandikia Kiswahili nilichokishika.

Anasema walipotoka Ibra farasi walikuwa wachache, ngamia wengi, na kila mwenye farasi alikuwa amempamba kama bibi harusi. Fedha kwenye hatamu, shada za hariri, ngozi nyekundu kila mahali. Walipofika Sinaw yote yalikuwa yameshaharibika. Vikuku vya chuma vya kutilia miguu vilikuwa vikiwaunguza, wakavizungushia matambara, matambara yakaisha, wengine wakavitupa wakapanda miguu ikining'inia. Chuma cha lijamu, kikiachwa juani asubuhi, kilimbabua farasi ulimi, asile tena. Wakayavua malijamu wakawaongoza farasi kwa kamba. Farasi walikuwa wakilishwa tende na dagaa wakavu kutoka Sur, na chumvi ya dagaa ikawazidishia kiu, na maji hakuna.

Seruji nazo zilikufa kila moja kwa ugonjwa wake. Zile za mbao zilizoungwa kwa gundi, jua la mchana na umande wa alfajiri viliifungua gundi, zikawa zinalia kama vitanda vibovu, mwishoe zikapasuka. Ya Babu ilikuwa imevikwa ngozi mbichi ya ngamia, imeshonwa ikiwa majimaji na kukaukia pale pale juu ya mti. Hiyo haikufunguka. Ndiyo hii tuliyonayo, na kweli mpaka leo ukiigonga inaita kama mlango.

"Lakini maangamizi yalikuwa kwenye mishipi," akasema Ami Khalaf. Mishipi ya ngozi, mchana ilikuwa ikinywa jasho la farasi, usiku ikikauka. Ikatoa chumvi nyeupe. Ikawa migumu kama mbao, ikawakata farasi chini ya tumbo, vikawa vidonda, na nzi wakavivamia. Na kila mshipi uliokuwa na mapambo ya shaba ulikufa mwanzo, maana jasho na shaba havikai pamoja, huila ngozi kutoka ndani. Waliposhika njia ya mawe kupanda Nizwa ikaanza kukatika mmoja baada ya mmoja, na watu wakianguka mabondeni. Alisema waliokufa kwa mshipi walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Labda anazidisha chumvi, ni mzee. Lakini mkono wangu ulikuwa umeshasimama na dele la kahawa hewani.

Babu alikuwa ameyaona hayo mapema, pale Sinaw. Aliing'oa fedha yote ya hatamu zake akampa mwanamke wa Kibedui, na yule mwanamke akamfungulia ukanda kutoka kwa ngamia wake mwenyewe. Wa kufuma kwa mkono, manyoya ya mbuzi na ngamia, mweusi, na mistari miwili myeupe. Wenziwe walimcheka mpaka machozi, kumvisha farasi nguo ya ngamia. Lakini manyoya hunywa jasho na kulitema, hayagandi wala hayakati. Dhabiya alifika Nizwa na kurudi Ibra bila ya kidonda. Hata pete ya chuma ya ule ukanda Babu aliitoa kwa kuwa ilikuwa ikiunguza, akachonga ya mti wa mkunazi. Usiku mmoja ikamdondokea kwenye moto, ikaungua upande mmoja, na hakuibadilisha.

Kisha Ami Khalaf akatikisa kichwa akasema, "Ndiyo maana nilishangaa nilipoambiwa umekatika. Ukanda wa Sleyum! Ule sikudhani kama kuna siku utakatika."

Nikamwuliza, "Haukuwa wa ngozi, Ami? Mwekundu?"

"Mwekundu?" akasema. "Sleyum alivikimbia vyekundu. Alisema vyekundu ni vya kuvaa mtu anayekwenda kutazamwa."

Nikamwongeza kahawa. 

Turkiya, umeshajua. Najua umeshajua, na pengine umeinua macho sasa hivi ukalitazama lile sanduku la Mama pembeni mwa kitanda chako. Ule ukanda mweusi uliolifunga, wenye mistari miwili ambayo sasa ni ya kijivu. Ile pete yake ya mti iliyoungua, tuliyokuwa tukisema imeng'atwa na shetani. Ndio huo. Siku zote ulikuwa chini, sakafuni, na sisi tukikodolea macho ukutani.

Namna ulivyofika hapo hakuna wa kutwambia, lakini mimi namwona Bibi wazi kama niko mbele yake. Mtoto wa mjini, kaolewa na Mwarabu aliyeshuka kutoka bara ya Oman na seruji na ukanda unaonuka mbuzi. Kitu cha namna ile atakitundika juu ya kochi, waje wageni wakione? Akamwita fundi viatu akamshonea mshipi mwekundu. Na ili upendeze, akaupigilia misumari ya shaba, ile ile ya kwenye masanduku yetu, kwa sababu kwetu sisi kitu cha heshima lazima kiwe na misumari ya shaba. Farasi mwenyewe hayupo, nani angelipima? Ukanda wa manyoya ukatupwa kufungia sanduku. Sanduku likapata ukanda wa farasi, na farasi akapata misumari ya sanduku. Mume akafa, wanawe wadogo, na Bibi akahadithia mpaka na yeye mwenyewe akaamini.

Nina hasira, dada, na sijui niipeleke wapi. Bibi yuko kaburini. Fundi hata jina lake hatulijui, na kazi yake ilikuwa nzuri, hakuambiwa itapandwa. Binamu zetu na mizaha yao ya Zinjibar, hawa nawaona kila siku, na wamelia kwa Marzouq kuliko nilivyolia mimi. Na Baba siwezi. Namkasirikia dakika moja, kisha namsikia akikohoa huko chumbani, nayeyuka.

Nimekumbuka mambo mengi. Nimekumbuka mwaka ule tulipotoka shamba usiku kukimbilia mjini, sanduku juu ya gari la hamali, likapinduka kwenye tope pale mteremkoni. Kamba zote zilikatika, ukabaki ukanda ule peke yake, na ndio uliookoa nguo za Mama. Na nimekumbuka mchezo wetu wa farasi. Marzouq alikuwa hataki kuwa mpandaji, kila siku yeye farasi. Wewe ndiye uliyekuwa ukimfunga ule ukanda kiunoni, mimi nikishika ncha, tukimkimbiza ua zima. Akivuta kwa nguvu zake zote na kulia kama farasi, nasi tukimrudisha. Haukupata kukatika. Alama za meno yake ziko kwenye ile pete, upande usioungua. Kama una moyo, zitazame.

Nilimwomba Ami Khalaf asimwambie Baba. Hakuniuliza sababu. Aliutazama mlango wa chumba, akasema, "Mimi nimezeeka, Mahfoudha. Sikumbuki kitu." Akaenda zake bila ya kungoja Baba aamke, na hiyo ni aibu kubwa kwao, lakini alifanya.

Sasa ombi langu. Umesema utakuja Januari inshaallah, na utakuja na sanduku la Mama kama Baba alivyotaka. Njoo. Njoo nalo. Lakini kabla hujatoka nyumbani ufungue ule ukanda, ununue kamba ya makumbi madhubuti hapo Darajani, ufunge kwa kamba. Ami Khalaf si peke yake aliyebaki wa zamani zile. Wako wazee wawili watatu Sufala hapa, na siku ya kuja kwako nyumba itajaa, na sanduku litawekwa katikati ya ukumbi mbele ya wote. Atatokea mmoja mwenye macho ataona ile pete, na atasema kwa furaha, maana ataona ni jambo la furaha. Na Baba atakuwa amekaa pale na vile vipande vyake vyekundu mkononi. Kwamba kitu kilichovuka vita kilikuwepo, kizima, tena tumekiacha wenyewe kwa kukidharau, na yeye akamfunga mwanawe kwa pambo la ukutani. Hilo hatalibeba. Mimi mwenyewe silibebi vizuri.

Ule ukanda usiutupe. Uuweke utakapotaka, mimi usinambie.

Mengine ni madogo. Kaltham anamaliza edda yake katikati ya Januari, itakuwa vizuri uwepo. Hanung'uniki. Anafua nguo za Marzouq zilizokuwa safi, anazikunja, baada ya siku chache anazifua tena. Mtoto wao sasa anasema maneno mengi, nusu Kiarabu nusu Kiswahili. Juzi kaniuliza, "Shangazi, farasi ile amemtupa baba kwa sababu alikuwa mbaya?" Nikamwambia farasi hakuwa mbaya. Akaniuliza basi nani mbaya. Nikampa halua. Ukija utanisaidia majibu.

Nadhir hapandi tena. Yule farasi wa Idi kampeleka kwa jamaa zake Bahla, hataki kumwona. Bega litapona, wanasema.

Niletee, kama hutachoka, karafuu kidogo na mdalasini. Mafuta ya nazi usilete. Hapa sasa harufu yake hatuiwezi.

Nisalimie Shemeji Muslim sana, umwambie nimeziona sala zake katika barua na zimetufaa. Mbusu Ghaniya na umwambie asome. Shangazi Shukriya mpe salamu zangu na za Hashil, na ukiulizwa nimeandika nini, sema nimeandika habari za tende. Kaltham anakuamkia. Nadhir na Ami Khalaf wanakupa pole.

Mwenyezi Mungu akulinde angani na ardhini, akulainishie goti lako na safari yako, amlaze Marzouq wetu mahali pa upana na nuru, na atukutanishe tukiwa bado tunatambuana.

Mimi mdogo wako, ninayekupenda na kukuhitaji sasa kuliko siku zote,

Mahfoudha

Tena: Nilikuwa nimeshaigundisha bahasha, nimeifungua. Baba ameniita sasa hivi akaniuliza kama nakuandikia wewe. Nikasema ndiyo. Akasema nikutie maneno yake haya, na nayatia kama alivyosema: "Mwambie Turkiya sanduku la mama yake asije akalifunga kwa kamba hizi za siku hizi, zitamwaibisha njiani. Alifunge kwa ule ukanda wetu wa zamani, ule mweusi. Ule ndio hauna khiyana." Nikamwambia, nimeshamwandikia habari za ukanda, Baba. Akaridhika. Leo chakula chote amekimaliza.